Nilijifanya Mkuria Mbele ya Mama Yangu Mzazi

Jina langu msiliulize. Hata mkiliuliza sijui niwape lipi, maana moja limezikwa na la pili nilipewa ukubwani. Mtanielewa tu. Nikubali makosa kabla sijaanza kujitetea, kwa sababu mimi nikianza kujitetea huwa sikomi: nilimfanyia mama yangu ubaya mara mbili. Mara ya kwanza nilimwacha anililie nikiwa hai. Mara ya pili nilirudi, na vile nilivyorudi ndivyo vilivyonimaliza.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi nilikuwa msichana wa Kijaluo wa upande wa Lambwe, mdomo mrefu, mguu mwepesi, na nyumbani waliniita Atieno. Baba alikuwa ameshafariki. Kaka yangu Odhiambo ndiye aliyekuwa mwenye boma, na Odhiambo alikuwa ameshapokea wazee waliotumwa na mwalimu mmoja wa kwaya aliyetaka kunioa. Mtu mzuri, sikatai. Lakini alikuwa anaongea kama anayesoma matangazo ya kanisa, hata akiomba chumvi!

Mimi moyo wangu ulikuwa kwa Marwa, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Ntimaru, huko Kuria. Mkuria! Kwetu wakati ule wa kuibiana ng'ombe, ukisema umependa Mkuria, watu walikwenda kwanza kuhesabu ng'ombe wao zizini, ndipo wakarudi kukupa pole.

Basi nikatunga uongo. Nikamwambia mama naenda kumsalimia shangazi ng'ambo ya ziwa. Nikafika Homa Bay, nikapakia begi langu kwenye mtumbwi wa abiria, nikasalimia kila mtu kwa sauti ili nionekane. Halafu nikasema nashuka kununua mandazi. Mandazi gani! Nikapitia nyuma ya soko, nikamkuta Marwa, tukashika njia ya Migori. Begi nikaliacha liende kwa shangazi peke yake.

Mtumbwi ule ulipigwa na upepo ukanasa kwenye gugumaji, ukapinduka. Wavuvi walikuwa karibu, wakaokoa watu wote. Begi langu likapatikana likielea. Aliyekosekana ni mmoja tu, mimi. Wakatafuta na kutafuta, lakini gugumaji lilikuwa limefunika maji yote, usingeona hata kiboko. Wakakata tamaa.

Sasa kwetu Wajaluo, mtu akipotelea ziwani na mwili usionekane, haachwi hivyo hivyo. Hutafutwa tunda la mti wa yago, lile refu, zito, lisilolika. Linawekwa ndani ya sanduku, linaliliwa, linazikwa badala yake. Na ukishazikwa umezikwa, hata kama kilichoingia shimoni ni tunda. Mimi kwa kuwa sikuwa nimeolewa, nikazikwa nje ya ua, kama inavyotakiwa kwa msichana.

Habari za mazishi yangu nilizipata katika soko la Migori, nikibishana na mtu juu ya nyanya. Karibu yangu walikuwa wanawake wawili wauza samaki kutoka kwetu, wakipiga soga. Hawakunijua, lakini wao waliwajua vizuri mama na Odhiambo. Wakasema mazishi ya Atieno yalifana, ng'ombe dume alichinjwa, na mwalimu wa kwaya alilia mpaka akashikiliwa.

Hapo ilinipasa nitupe nyanya na kukimbia nyumbani. Lakini unajua nilihisi nini? Nafuu! Nikasema kimoyomoyo, sasa hakuna atakayenitafuta. Shetani akanidanganya... hapana, nisimsingizie shetani. Nilifanya mwenyewe.

Marwa naye nilimdanganya. Nikamwambia mimi ni yatima, sina hata binamu. Kwa hiyo kwa mume nilikuwa nimewaua watu wangu, na kwa watu wangu nilikuwa nimekufa. Mama mkwe akanionea huruma, akanipa jina la kwao, Robi. Nikazaa msichana, Boke. Nikajifunza Kikuria, nikanenepa kwa maziwa, na maisha yakawa matamu. Nasema ukweli, yalikuwa matamu.

Mpaka siku moja, miaka kadhaa baadaye, katika soko lile lile, nikawasikia tena wale wauza samaki.

"Min Odhiambo mpaka leo hali samaki," mmoja alisema. Min Odhiambo, yaani mama yake Odhiambo, ni mama yangu.

"Hata omena?"

"Hata harufu yake. Anasema hawezi kula kilichokula mtoto wake."

Jamani! Mama yangu aliyekuwa anaweza kumaliza kichwa cha samaki ngege akaacha mifupa misafi! Nilikaa chini palepale, juu ya gunia la watu, nikalia mpaka mwenye gunia akaniuliza kama nanunua au la.

Jioni nikamwambia Marwa kila kitu. Akauliza, "Kwa hivyo mimi nimekaa na maiti miaka hii yote?"

"Marwa, usicheke."

"Sicheki. Nauliza. Ng'ombe za kuoa maiti zinapelekwa kwa nani?"

Nikazidi kulia. Hapo akaacha mzaha. Akasema, "Mama Boke, sikia. Enda kwenu. Simama nje ya boma, uite, useme jina yako. Wakitukana, wacha watukane. Mimi nitakuja nyuma na ng'ombe."

Ushauri mzuri kabisa, na ulikuwa wa bure. Nikaukataa. Nilimwogopa Odhiambo, ambaye hasira yake ilikuwa karibu kama panga lake. Niliogopa chira pia, ile laana inayokausha watu wa boma mila ikivunjwa. Msiniambie mimi ni Mkristo, najua, lakini chira ilikuwa haiulizi mtu anasali wapi. Na zaidi ya yote niliogopa aibu. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, mama aniite Atieno, mara moja, kwa mdomo wake. Lakini nilitaka kwanza nichungulie nione kama amenisamehe.

Kwa hiyo nikatunga tena uongo. Nitakwenda kama Robi, Mkuria wa Ntimaru, muuza ugoro. Mama alikuwa mpenzi wa ugoro, hangenifukuza. Nitaongea Kiswahili tu, na nitajifanya sijui hata neno moja la Dholuo, lugha yetu. Watasema mambo yao mbele yangu bila wasiwasi, nami nitasikia. Nilijiona mjanja sana!

Nikajifunga leso mbili, moja kiunoni na nyingine kichwani mpaka kwenye mashavu, kama mtu anayeumwa na jino. Nikaweka kipande cha kitambaa mdomoni ili shavu livimbe na sauti ibadilike. Nikajitazama kwenye kioo, nikacheka. Marwa hakucheka.

Nilifika kwetu saa za mchana. Kabla ya lango, kando ya ua wa miti ya manyara, nikaliona kaburi langu. Lilikuwa limefagiliwa. Majani yameng'olewa, mawe madogo yamepangwa kuzunguka, na kuna alama za magoti udongoni. Nikasimama pale nikitazama kaburi la tunda kama mtu aliyepotea njia.

"Wewe! Unatafuta nani?" Alikuwa mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni. Sikumfahamu, na kwa bahati naye hakunifahamu. Baadaye nikajua ni mke wa Odhiambo, aliyeolewa nikiwa nimeshakufa. Walimwita Nyar Rongo, kwa sababu kwao ni Rongo.

"Nauza ugoro, dada. Natoka Ntimaru."

Akanikagua kutoka kichwani mpaka vidoleni. "Ntimaru mbali hivyo? Ng'ombe zetu unazionaje, zimenona?"

"Mimi sijui ng'ombe, dada. Mimi ni ugoro tu."

"Haya ingia. Mama iko ndani. Lakini mimi nakuangalia."

Nikaingia kwa lango, mguu wa kulia ukitangulia, wa kushoto nao ukitaka kurudi Ntimaru.

Mama alikuwa amekaa mlangoni mwa nyumba yake. Alikuwa amepungua. Macho yake yamefunikwa na ukungu, mtoto wa jicho amemshika, akawa anageuza sikio badala ya uso. Nusura nipige magoti nimkumbatie. Badala yake nikasema, "Hodi, mama."

"Karibu. Wewe ni mtu ya wapi? Sauti yako inatoka ndani ya debe."

"Jino, mama. Linauma."

"Jino inauma na bado unatembea kutoka Kuria? Hiyo jino ni ya ng'ombe." Akacheka mwenyewe. "Leta hiyo ugoro nionje. Kama ni ya kudanganya watu, mimi nitakurudisha na fimbo."

Akavuta puani. Akapiga chafya ikatisha kuku. "Eee! Hii ni ugoro! Nyar Rongo, letea huyu mama chakula!"

Sikuwa nimefikiria chakula. Mtu aliyezikwa anakula ugali ndani ya nyumba ya mama yake? Kila nilichofundishwa nikiwa mtoto kilinipigia kelele. Lakini kukataa chakula cha mzee ni matusi, na Nyar Rongo alikuwa ananiangalia kweli kama alivyoahidi. Ukaletwa ugali na mboga ya mrenda.

"Hapa hakuna samaki," mama alisema. "Vumilia."

Nikamega tonge. Nikameza pamoja na machozi. Wasomaji wenzangu, mrenda ulikuwa mtamu, na mama alikuwa umbali wa mkono tu, na mimi nilikuwa nadanganya kwa mdomo uliojaa chakula chake.

Ghafla mlangoni kukawa giza. Odhiambo! Alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, na nilikuwa nimepiga hesabu zangu kwamba siku hiyo hayupo. Kumbe amepewa likizo. Nikavuta leso karibu na macho.

"Huyu ni nani?" akauliza kwa Dholuo.

Nyar Rongo akajibu kwa Dholuo vilevile, "Mkuria wa ugoro. Nilimkuta anatazama kaburi la dada yako kama anayetaka kulinunua."

Odhiambo akaketi, akavuta bakuli la uji. "Angejua kilichozikwa pale angekimbia," akasema. "Hujawahi kusikia siku ile ilivyokuwa?"

Akaanza kusimulia. Kwamba lile yago halikukaa vizuri ndani ya sanduku. Kwamba wabebaji wakipanda kilima lilikuwa linaviringika, gudu! linagonga upande wa miguu. Wakishuka, gudu! linagonga upande wa kichwa. Mbebaji mmoja akapiga yowe, "Anataka kutoka!" akaachia mshikio akaingia kwenye shamba la mtama, na hakuonekana mpaka nyama ilipoiva. Kwaya haikunyamaza. Mwalimu wake akazidisha sauti ili kuzima kishindo cha sanduku.

"Nikawaambia watu," Odhiambo akamalizia, "huyu ni Atieno kweli, msiwe na shaka. Hata akiwa tunda hawezi kutulia!"

Mama akacheka. Mama yangu ana kicheko kinachoanza chini, kinakatika katikati, halafu kinapanda ghafla kama mtu aliyekanyaga mwiba. Na mimi, Mkuria nisiyejua Dholuo, nikacheka pia. Kilinitoka kabla sijakishika. Kikaanza chini, kikakatika katikati, kikapanda. Vicheko viwili, sawasawa, ndani ya nyumba moja.

Mama akageuza sikio upande wangu.

Nyar Rongo ndiye aliyesema kwanza. "Kumbe anasikia Dholuo!" Akaruka nje. "Mpelelezi! Wametuma mpelelezi wa ng'ombe! Uwi! Uwi! Uwi!"

Kama hujawahi kupigiwa nduru, usiombe. Kabla sijasimama, majirani walikuwa wameshaingia na rungu, mapanga, mmoja na mwiko. Siku zile mwizi wa ng'ombe alikuwa hafikishwi kwa chifu. Odhiambo akanishika leso shingoni akanivuta mpaka uani. Nikaona rungu limeinuliwa juu yangu, nikajua leo kaburi langu litapata mwenyewe.

"Ngojeni!" Mama alitoka akipapasa ukuta. Akaja mpaka nilipoanguka. Akasema kwa Dholuo, pole pole, "Wewe. Cheka tena."

Cheka! Rungu liko juu ya kichwa, niambiwe nicheke! Nilijaribu, nawaapia. Kilichotoka ni kama kikohozi cha mbuzi. Nikatema kile kitambaa, nikalia kwa lugha yangu, "Mama, ni mimi! Ni mimi Atieno! Sikuingia ziwani!"

Mwenye rungu, jirani mmoja mwenye kifua cha fahali, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupita kwenye ua wa manyara, akaacha kiatu kimoja nyuma. Wengine wakarudi kinyumenyume. Odhiambo aliachilia leso kana kwamba inaungua. Mama peke yake ndiye aliyebaki karibu nami, mikono imening'inia. Nikangoja aniite. Alifungua kinywa.

"Usimjibu!" Odhiambo akapiga kelele. "Mama, usitaje hilo jina mpaka wazee waje!"

Wazee wa ukoo walikuja, nami nikatolewa nje ya ua nikae kando ya kaburi langu huku wakijadiliana. Hakuna aliyewahi kuona jambo kama hili, kwa hiyo kila mmoja alikuwa na hakika. Mmoja alisema yago lifukuliwe. Mwingine akauliza litafukuliwa vipi na limeshaoza. Wa tatu akataka kujua lile dume lililoliwa mazishini litarudishwa na nani, na wote wakatazama matumbo yao. Mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa karibu kucheka tena.

Kisha yule aliyekuwa anasema kidogo kuliko wote akaniuliza, "Uliingia kwa lango?"

"Ndiyo, baba."

"Alikaribishwa nani?"

"Robi... muuza ugoro."

"Ukala?"

"Nilikula."

"Alikula nani?"

Nikatazama kaburi langu.

"Ungesimama hapa nje ukaita jina lako," akasema, na hakusema kwa hasira, "tungejua la kufanya. Tungefukua, tungechinja mbuzi, tungekunywesha dawa, ungeingia kama mtoto wa boma. Sasa aliyeingia ni Robi, na Robi amelishwa. Tukisema leo kwamba yule alikuwa Atieno, basi maiti amekula ndani ya nyumba ya mama yake, na boma litalipa kwa chira. Wenye watoto wadogo hapa ni kina nani?"

Watu wote wakamgeukia Nyar Rongo na mtoto mgongoni. Maskini Nyar Rongo alianza kulia.

Basi wakaamua. Atieno abaki alipozikwa. Robi ameshapokewa, awe mgeni wa boma, aje na kuondoka apendavyo. Ila asiongee Dholuo ndani ya ua, na asiitwe kwa lile jina, asije akamwamsha mwenye nalo.

Nilimtazama mama. Nilijua angeweza kukataa. Alikuwa mkaidi kunishinda. Akamgusa mjukuu wake kichwani. Halafu akanigeukia, na kwa kile Kiswahili chake cha sokoni akasema, "Karibu tena, Robi."

Marwa alileta ng'ombe kama alivyoahidi. Wakakataliwa! Odhiambo alimwambia katika boma lile hakuna msichana aliyeolewa Kuria. Marwa akarudi nao Ntimaru akitukana kwa lugha tatu.

Nami nikawa naenda. Nampelekea mama ugoro, tunakaa mlangoni, tunaongea Kiswahili kibovu kama wanawake wawili waliokutana kwa daktari. Mambo yote niliyotaka kumwambia, uchungu wa kumzaa Boke, usiku niliolia, hayakuwa na maneno katika Kiswahili chetu. Tulizungumzia mvua, kuku na jino langu, ambalo alikuwa anauliza kila mara kama limepona. Nilikuwa najibu kwamba bado.

Kisha akaugua, na safari hii hakuwa wa kuinuka. Nilimkuta amelala ubavu, Odhiambo amekaa mlangoni amejishika kichwa. Nikasema, "Hodi, mama." Akanyoosha mkono, akaushika wangu, akawa anavipapasa vidole kimoja kimoja.

"Robi," akasema. "Wewe unatembea soko mingi."

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa na msichana yangu moja. Atieno."

Lilikuwa jina langu, kwa mdomo wake, lakini alikuwa ananisimulia mimi kama habari ya mtu asiyekuwepo.

"Kama wewe utakutana na yeye huko," akasema, "ambia yeye mimi sina hasira. Hasira iliisha zamani. Ambia yeye asiogope."

Nilitaka kupasuka. Nilitaka kusema, mama, yuko hapa, umemshika mkono! Nikamwona Odhiambo mlangoni analia bila kujificha. Uani nikasikia watoto wake wanacheza.

"Nitamwambia, mama," nikajibu kwa Kiswahili.

Alizikwa wiki ile. Nililia pamoja na wageni.

Ndiyo maana nawaandikia, na najua wengine wenu mtacheka mahali fulani, chekeni tu, hata mimi hucheka. Lakini wewe uliyewatoroka watu wako, uliyeko Nairobi au Mwanza au popote, unayepanga kurudi kwa ujanja ili uchungulie kwanza, nakusihi usifanye hivyo! Simama nje ya lango, uite jina lako. Wakikutukana, utatukanwa wewe. Wakikupiga, utapigwa wewe. Na wakikusamehe, utasamehewa wewe. Mimi msamaha wangu nilipewa nimpelekee mtu mwingine.